Maziwa Tu, Ng'ombe Abaki: Namna ya Kuanzisha Mfuko wa Kudumu wa Kumsomesha Mwanafunzi wa Kemia

Kila Oktoba kundi letu la WhatsApp lilikuwa na mchango uleule. Mtoto wa fulani kapata chuo, anatakiwa kuripoti Jumatatu, hana nauli, hana godoro, na ada imepungua. Tunachangishana, anaondoka, na Oktoba inayofuata tunaanza upya na mwingine. Siku mwenzetu mmoja alipokaa akajumlisha michango ya miaka sita, tukatazamana. Hela ile yote tungeiweka mahali pamoja, leo ingekuwa inazaa yenyewe.

Ndipo ulipoanza mfuko ambao mimi ni mweka hazina wake, hapa Dodoma. Ni mdogo, na umefanya makosa ya kutosha kufundishia wengine. Unamlipia mwanafunzi wa kemia ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu. Kama nanyi ni watu mliosoma pamoja, mnaofanya kazi pamoja au mnaotoka kata moja, na mmechoka na michango ya zimamoto, fuateni hatua hizi.

Mtaulizwa kwa nini kemia, kwa hiyo muwe na jibu. Letu ni la hapahapa. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na upande wa Singida kuna visima ambavyo floraidi yake inapita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisivukwe. Zabibu zetu zinageuzwa mvinyo, na mvinyo hauendi bila mtu wa kupima asidi. Shule za kata zina maabara ambazo mwalimu wa kuzifungua anapatikana kwa nadra. Kazi ipo, wapimaji ndio wachache.

Hatua ya 1: Watu waelewe tofauti ya maziwa na ng'ombe

Neno gumu katika shughuli hii yote ni "kudumu". Mchango wa kawaida unaliwa ukaisha. Mfuko wa kudumu una sehemu mbili: mtaji ambao haugusiki, na mapato yake ambayo ndiyo yanayomsomesha mtoto. Vyuo vya Marekani vimejaa mifuko ya namna hii, mingi ikibeba jina la aliyetoa fedha au la mtu anayekumbukwa, na kawaida yao ni kutumia dola 4 au 5 kwa mwaka katika kila 100 zilizowekwa. Kinachozidi hurudi kwenye mtaji ili usiliwe na kupanda kwa bei.

Mimi nililieleza hili kwa chati niliyoichapa kwa rangi. Mkutano wetu wa kwanza ulikuwa kwenye ofisi ya kata huko Chamwino, na ile chati ilizunguka mikononi mwa watu ikarudi kwangu bila swali hata moja. Aliyetuokoa ni baba wa mwenzetu, mzee aliyekuja kusindikiza tu. Alisimama, akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", watu wakaitikia, kisha akauliza, "Nikikupa ng'ombe wangu umchunge, wewe unapata nini?"

"Maziwa."

"Na ng'ombe?"

"Wako, mzee."

"Akizaa?"

Kimya kidogo. "Ndama naye wako."

"Basi mtoto huyu anasema hivyo, ila kasema kwa Kizungu."

Kwa Wagogo kuweka mifugo kwa rafiki akuchungie ni jambo la tangu zamani, halihitaji chati. Tangu siku ile daftari letu lina safu tatu: ng'ombe, maziwa, ndama. Ng'ombe ni mtaji. Maziwa ni kile tunachomlipia mwanafunzi. Ndama ni sehemu ya faida inayobaki zizini kila mwaka. Tafuteni lugha ya kwenu ya kulisema jambo hili kabla hamjapokea shilingi ya kwanza, kwa sababu mwaka wa njaa ukifika, na utafika, kuna mjumbe atakayesimama kupendekeza ng'ombe achinjwe "kwa mwaka huu tu".

Hatua ya 2: Andikeni nani ni "wa kwanza"

Hapa ndipo tulipogombana kuliko kwenye hela. Sheria za Marekani kwa ujumla humhesabu mwanafunzi kuwa wa kwanza kama wazazi wake hawana shahada. Ni rahisi kulisema hilo mahali ambapo nyumba ni baba, mama na watoto wawili. Huku kwetu mtoto amezaliwa Kongwa, kalelewa na bibi Mpwapwa, kasomeshwa na mjomba mwenye duka Manyoni, na baba yake mzazi, ambaye hajaonekana tangu mtoto akiwa na miaka mitatu, inasemekana ana digrii. Je, huyo ni wa kwanza?

Sisi tuliandika hivi: hakuna mwenye shahada kati ya wazazi au walezi walioishi naye na kumhudumia katika miaka mitano iliyopita. Yule baba wa mbali na digrii yake tukamwacha huko huko aliko. Mzazi mwenye cheti cha ualimu au stashahada hamzuii mtoto. Dada au kaka aliyetangulia chuo naye hamzuii, ingawa wajumbe wawili walilipinga hili mpaka dakika ya mwisho. Mtoto wa kwanza akifika chuo nyumba haijatajirika. Mara nyingi ndiyo kwanza imeishiwa.

Halafu andikeni kemia ni nini. Shahada ya sayansi ya kemia, hilo halina ubishi. Ualimu wa sayansi wenye somo la kemia? Sisi tulisema ndiyo, tena tukauweka mbele. Ufamasia na udaktari tuliviacha, si kwa kuvidharau, bali kwa sababu waombaji wake ni wengi na wangemeza mfuko wote. Wekeni na sharti la anayehama: mwanafunzi akibadili kozi katikati, anamaliziwa mwaka ule, basi.

Hatua ya 3: Litafuteni pengo lenyewe, msilikisie

Mtoto aliyeanza kidato cha kwanza 2018 au baadaye hajalipa ada katika sekondari ya serikali, kwa sababu elimu bila ada ilifika kidato cha nne Januari 2016, na 2022 ikasogezwa hadi kidato cha sita. Kwa hiyo familia nyingi za vijijini zinakutana na neno ada kwa mara ya kwanza mtoto akiwa mlangoni mwa chuo kikuu. Hapo wanaambiwa kuna mkopo.

Na mkopo upo kweli. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya 2004, na posho ya chakula na malazi ilipandishwa hadi shilingi 10,000 kwa siku. Wanafunzi wanaiita bumu. Waliofaulu juu kabisa katika masomo ya sayansi wana Samia Scholarship, iliyoanza pia 2022 na inayowabeba kwa kila kitu. Hao msihangaike nao, wameshapata wa kuwalipia. Wenu ni yule wa katikati: kafaulu vizuri, kapata chuo, mkopo kapata kwa sehemu, au kapangiwa lakini majina yametoka awamu ya pili wakati usajili unaendelea.

Niliwauliza wanafunzi wanne wa mwaka wa pili, mmoja mmoja, waniorodheshee walichokosa wiki sita za mwanzo. Hakuna aliyeanza na ada. Walianza na nauli, godoro, ndoo na chakula cha siku za kwanza kabla bumu halijaingia. Kisha yakaja ya kemia yenyewe: koti la maabara, miwani ya kinga, kikokotoo cha kisayansi, na kompyuta ya mkononi, kwa sababu ripoti za maabara zinataka kuchapwa na mitandao ya chuo haifanyi kazi vizuri kwenye simu ya kupasuka kioo.

Nisimame kidogo kwenye koti, maana nimeona watu wakilinunua vibaya. Liwe la pamba, mikono mirefu, lifike karibu na magoti, na vifungo vifunguke upesi. Yale ya nailoni au poliesta yanang'aa dukani na hayakunjamani, lakini likiguswa na moto wa bunzeni, kile kichomeo cha gesi cha maabara, linayeyuka na kugandia ngozi. Sisi tunanunua kitambaa na kushonesha kwa fundi pale Majengo. Mwanafunzi anapokuja kupimwa, fundi humuuliza kama ni nesi. Msichana wetu wa pili alijibu, "Hapana, mimi ni wa kemia," na nilimwona akijinyoosha mgongo alipokuwa akisema.

Hatua ya 4: Hesabu ianzie kwa mwanafunzi, irudi nyuma kwa ng'ombe

Watu wengi huanza na kiasi walichonacho. Anzeni na mnachotaka kulipa.

Tuseme pengo la mwanafunzi mmoja ni shilingi 900,000 kwa mwaka. Mnataka kuchukua mmoja kila mwaka. Mtego uko hapa: shahada ni miaka mitatu, kwa hiyo ukifika mwaka wa tatu mna wanafunzi watatu kwa wakati mmoja, si mmoja. Maziwa mnayohitaji ni 2,700,000 kila mwaka. Sisi tulilisahau hili, na mwaka wa tatu ikabidi tusichukue mtu mpya.

Sasa rudini kwenye mtaji. Chukulieni ng'ombe anatoa 10 katika kila 100 kwa mwaka. Kati ya hizo 10, tumieni 6, na 4 zibaki kama ndama, kwa kuwa bei za vitu nchini zimekuwa zikipanda kwa takribani asilimia 3 kwa mwaka na mnataka kuwa mbele yake kidogo. Shilingi 2,700,000 ukiigawanya kwa asilimia 6 unapata milioni 45. Huyo ndiye ng'ombe wenu.

Milioni 45 inatisha ikitajwa mara moja. Watu 60 wakitoa 25,000 kwa mwezi, ni milioni 1.5 kila mwezi, na miezi 30 inatosha. Lakini nisiwadanganye: wanaojibu kwa alama ya mikono iliyokunjwa kwenye kundi si ndio wanaotuma. Gawanyeni ahadi kwa mbili, na muda muongeze mara mbili. Katika kipindi hicho cha kujenga msilipe mwanafunzi yeyote kutoka kwenye mtaji. Kama moyo unawasukuma, changisheni pembeni kama zamani, kwenye akaunti nyingine.

Hatua ya 5: Fedha zisikae kwa jina la mtu

Mwaka wetu wa kwanza zilikaa kwenye simu ya mweka hazina aliyenitangulia. Mtu mwaminifu kabisa. Aliugua ghafla, akalazwa, na kwa wiki tano hakuna aliyejua namba yake ya siri wala aliyethubutu kuiuliza. Hakuna kilichopotea, ila tulipata somo.

Njia zipo tatu. Ya kwanza ni kusajili bodi ya wadhamini RITA, wakala wa Serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, chini ya sheria ya wadhamini. Bodi inakuwa na uhai wake kisheria, inamiliki mali kwa jina lake, na mdhamini akifa au akijiuzulu mnapeleka badiliko, mfuko unaendelea. Ya pili ni kusajili shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya 2002. Ya tatu ni kukikabidhi chuo chenyewe fedha kwa mkataba, chuo kiwe ndicho kinachotunza na kutoa.

Sisi tulichagua RITA. Ya chuo ni nyepesi, na kama mna fedha nyingi kwa mkupuo inafaa, lakini mkataba useme wazi kwamba mtaji hauchanganywi na matumizi ya kawaida, na nani anateua mwanafunzi. Hilo shirika ni kazi ya mtu wa kudumu ofisini. Kwa mfuko wa mwanafunzi mmoja kwa mwaka mtatumia nguvu nyingi kwenye taarifa kuliko kwa mtoto.

Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, na angalau wawili watie ndipo fedha itoke. Mmoja wao awe anaishi Dodoma. Tulikuwa na wawili Dar es Salaam na mmoja Mwanza, na kuna hundi iliyosafiri kwa basi mara tatu.

Hatua ya 6: Ng'ombe alishwe wapi

Lazima atatokea mtu wa kiwanja. Tangu Serikali ihamie Dodoma kila mwenye shati zuri anajua eneo litakalopanda bei. Sikatai kwamba ardhi inapanda. Lakini kiwanja ni fahali: kinanenepa, hakikamuliwi. Oktoba ikifika mwanafunzi anataka nauli, na hamwezi kumkatia kona ya kiwanja.

Tulichokichagua ni hatifungani za Serikali, yaani mnaikopesha Serikali nayo inawalipa riba. Zinauzwa na Benki Kuu kwa mnada. Mnaingia kupitia benki au dalali wa soko la hisa, baada ya kufungua akaunti ya CDS, inayotunza kumbukumbu za hatifungani na hisa zenu, kwa jina la bodi. Kiwango cha chini ni shilingi milioni 1. Riba hulipwa kila miezi sita, nanyi mnajua tangu siku ya kwanza ni kiasi gani na lini.

Hilo la lini lichungeni. Hatifungani iliyotolewa Aprili hulipa Aprili na Oktoba. Iliyotolewa Desemba hulipa Desemba na Juni, na kwa mwanafunzi anayeripoti Oktoba hiyo Desemba ni mvua baada ya mavuno. Angalieni tarehe ya toleo kabla hamjaangalia riba.

Kuhusu riba yenyewe, msipange maisha kwa kiwango cha leo. Ile ya miaka 25 ilikuwa asilimia 15.95, na 2022 matoleo mapya yakashushwa hadi 12.56. Walionunua mapema waliendelea na riba yao ya zamani. Waliochelewa wakapata mpya. Ndiyo maana kwenye hesabu ya juu nimeweka 10. Ikija zaidi, ni ndama wa pili.

Msifunge mtaji wote kwenye miaka 25. Ukitaka kuuza kabla ya muda unaweza, ila kwa bei ya soko ya siku hiyo, na siku ya shida bei huwa haina huruma. Changanyeni muda mrefu na mfupi, kisha kiasi cha mwaka mmoja wa malipo kiwekeni mahali pa kutoa haraka. Sisi tunatumia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwa sehemu hiyo. Kumbukeni kwamba vipande vya mfuko wa uwekezaji havina riba iliyoahidiwa kama hatifungani.

Kukopesha wanachama kwa riba, kununua bodaboda za mfuko, au kuweka kwenye upatu wa mtu anayelipa asilimia 10 kwa mwezi: hapana, hapana, hapana.

Hatua ya 7: Kalenda iwafuate wanafunzi

Mwaka wetu wa kwanza tuliwaita waombaji saba kwenye usaili mwezi Julai, matokeo ya kidato cha sita yalipotoka. Walikuja watatu. Wanne walikuwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, kambini, bila simu. Tulimchagua mmoja kati ya watatu waliokuwepo, na mpaka leo sijui kama ndiye tuliyemtaka.

Sasa tunafanya hivi. Februari fomu zinapelekwa shuleni. Machi na Aprili usaili, wanafunzi wakiwa bado bwenini, kabla ya mtihani wa Mei. Tunachagua watatu kwa mpangilio: wa kwanza, wa akiba, na wa akiba ya pili. Uteuzi ni wa masharti mpaka matokeo na udahili wa chuo vitoke. Wakati dirisha la mkopo likiwa wazi, mtu mmoja wa kamati anakaa na mteule au mzazi wake kuhakikisha vyeti vya kuzaliwa, au vya vifo vya wazazi, vimehakikiwa RITA. Nimeona mkopo ukikwama kwa herufi moja ya jina kutofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne. Wiki ya kwanza ya Oktoba, nauli iko mkononi.

Hatua ya 8: Fomu ya ukurasa mmoja, na usaili wa sufuria

Fomu yetu ya kwanza iliagiza mwombaji aandike insha juu ya "hali ngumu ya maisha". Zilikuja barua 19 zilizochapwa. Kumi na moja zilikuwa na aya ya pili inayofanana neno kwa neno, kumbe kijana wa steshenari jirani na shule alikuwa anaiuza tayari na kubadilisha majina. Kosa lilikuwa letu. Ukimwambia mtoto hela inatolewa kwa anayelia vizuri, atatafuta fundi wa kulia.

Siku hizi fomu inajazwa kwa mkono, darasani, kwa Kiswahili. Inauliza nani anaishi nyumbani na kila mmoja kasoma mpaka wapi, nani analipa nini, na jaribio gani la maabara mwanafunzi amewahi kulifanya kwa mikono yake mwenyewe. Uthibitisho wa hali ya nyumbani unatoka kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Hatutaki muhuri wa wakili. Muhuri unagharimu hela ambayo kama angekuwa nayo asingekuja kwetu.

Kwenye usaili tunauliza kuhusu kemia iliyo jikoni kwao. Binti mmoja wa upande wa Bahi aliingia, akatuamkia, "Shikamooni," akakaa ukingoni mwa kiti. Mwenzangu akamuuliza, "Nyumbani mnachemshia maji ya kunywa kwenye nini?"

"Sufuria."

"Chini ya hiyo sufuria kuna nini?"

"Kuna ukoko mweupe. Mgumu."

"Unajua ni nini?"

Akafikiri. "Kalsiamu kaboneti?"

"Mnautoaje?"

Akacheka, akafunika mdomo. "Bibi anachemsha ukwaju humo. Unatoa mapovu, halafu unabanduka."

"Mapovu ya nini?"

Alifungua mdomo kujibu akasita, macho yakahama kutoka kwetu kwenda ukutani. "Kaboni dayoksaidi," akasema polepole. "Kumbe ni ileile ya kwenye kitabu."

Alama zake za darasani hazikuwa za juu kuliko za wenzake. Tulimchagua yeye.

Mjumbe mwenye mtoto, mpwa au jirani kati ya waombaji anatoka chumbani. Iandikwe kwenye katiba, isiwe hisani. Na tafadhali, msimpige mwanafunzi picha akiwa ameshika hundi kubwa ya maboksi. Atakuwa na wenzake darasani kwa miaka mitatu.

Hatua ya 9: Kulipa

Kijana wetu wa kwanza tulimpa shilingi 800,000 kwa mkupuo. Wiki mbili baadaye 500,000 zilikuwa zimekwenda nyumbani: mama alikuwa hospitali. Simlaumu, na naomba nanyi msimlaumu wa kwenu. Mtoto wa kwanza kufika chuo, nyumbani humwona kama benki iliyofunguliwa tawi. Kumpa hela yote mkononi ni kumweka achague kati ya mama na maabara.

Kwa hiyo ada, kama ni sehemu ya pengo, lipeni moja kwa moja chuoni kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo, ambayo mwanafunzi anaitoa kwenye akaunti yake. Vifaa nunueni nyinyi. Fedha ya kujikimu itumwe kwa simu kila mwezi, kidogo kidogo. Na kabla ya kuamua mnalipia nini, subirini muone amepewa mkopo kwa vipengele gani, ili mzibe palipo wazi badala ya kulipia palipolipiwa.

Hatua ya 10: Mpeni mlezi, si hela tu

Nyumbani kwao hakuna anayejua kwamba sapu ni mtihani wa marudio. Akifeli somo moja la hisabati muhula wa kwanza, jambo linalowapata wengi wa kemia, hana wa kumwambia, anadhani safari imeisha. Wengine wanadisko, yaani wanaondolewa chuo, kwa kuficha sapu ambayo ingesafishika Septemba. Kila mwanafunzi wetu ana mtu mmoja aliyepita njia hiyo, anayempigia mara mbili kwa mwezi, na swali la kwanza si alama, ni "umekula?" Mfuko haukatwi kwa sapu. Unakatwa mwanafunzi akiacha kuonekana maabara na kuacha kupokea simu, navyo viwili huenda pamoja.

Mlezi pia ampigie mzazi. Amweleze kwa nini mtoto hawezi kurudi kulima mwezi wa kwanza, na kwamba akimaliza atatakiwa kusajiliwa kama mtaalamu wa kemia kabla ya kuitumia taaluma hiyo, kwa hiyo mshahara hautaanza siku ya mahafali. Baba mmoja wa Kondoa alimsikiliza mlezi wetu dakika kumi, kisha akauliza swali moja tu: "Hizo dawa anazochanganya, hazilipuki?" Alijibiwa ukweli, kwamba zipo zinazolipuka, na kwamba koti ni la pamba.

Hatua ya 11: Daftari na mlango wa kutokea

Mara moja kwa mwaka mweka hazina anasoma ukurasa mmoja mbele ya wote: ng'ombe alikuwa na kilo ngapi Januari, ametoa maziwa kiasi gani, yamekunywewa na nani, ndama wamebaki wangapi. Anayekagua asiwe mjumbe wa kamati.

Mwisho, andikeni mfuko ukivunjika ng'ombe anakwenda zizi gani: chuo, shule, au mfuko mwingine wa elimu, kwa jina lake kamili. Wanachama wasigawane. Andikeni hilo kwenye mkutano wa kwanza, kabla hela haijaingia, wakati bado mnapigiana simu kusalimiana.